Haki Zilizoorodheshwa Hazikutolewa: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Katiba

Kwa Waheshimiwa: Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria; Spika na Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania; na Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu. Nilianza kwa kufundisha Siasa, na somo la Uraia lilipochukua nafasi yake nikaendelea nalo hadi siku niliyokabidhi chaki. Jambo ninaloliandikia, yaani chanzo cha haki za raia, nililifundisha miaka yote hiyo, lakini uzito wake nimeuona vizuri zaidi baada ya kustaafu, katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, nilipomsindikiza jirani yangu kwenda kuomba taarifa ya mapato na matumizi ya michango ambayo yeye na wenzake walichanga kwa ajili ya ujenzi.

Afisa alitupokea vizuri, akatukaribisha viti. Jirani yangu alipoeleza shida yake, afisa alimuuliza kwa sauti ya upole: "Mama, hiyo haki ya kuniuliza umepewa na nani?" Yule mama akafungua mkoba wake, akatoa kijitabu cha Katiba alichokifunika kwa gazeti kama watoto wa shule wanavyofunika madaftari yao, akakifungua mahali alipokuwa ameweka kipande cha kanga, na akasoma huku kidole kikifuata mstari, kwamba kila mtu anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Hiyo ni ibara ya 18. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Hicho kitabu ni cha Serikali, mama. Serikali ndiyo iliyokupa, na Serikali ndiyo itakayosema ukitumie lini." Tukaaga, tukaondoka.

Siombi afisa yule aadhibiwe. Alisema kwa nia njema jambo ambalo watumishi wengi wa umma, na wananchi wengi pia, wanaliamini: kwamba haki za raia zilianza siku zilipoandikwa, kwamba aliyeziandika ndiye aliyezitoa, na kwamba aliyetoa anaweza kupunguza, kuahirisha au kuchukua. Ninachotaka kuonyesha katika barua hii ni kwamba imani hiyo inapingana na maneno ya Katiba yenyewe, na kwamba nyinyi mlio na dhamana mnao uwezo wa kuirekebisha.

Naanza na maneno hayo, kwa sababu Katiba yetu tunayo kwa Kiswahili na kila mtu anaweza kuyapima. Ibara ya 12(1) inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Mwalimu yeyote wa lugha atawaambia kwamba kiambishi "hu-" hutumika kwa jambo la kawaida na la siku zote, kama tunaposema jua huchomoza mashariki. Mtunzi hakuandika kwamba binadamu watakuwa huru kuanzia tarehe ya kuanza kutumika kwa sheria hii. Tazameni pia jinsi ibara zinazofuata zinavyosema "kila mtu anayo haki". Anayo tayari, kabla ya kuomba. Na ibara ya 30(1), ambayo kwa kawaida husomwa kwa ajili ya mipaka inayowekewa haki, inazitaja "haki na uhuru wa binadamu ambavyo misingi yake imeorodheshwa katika Katiba hii". Imeorodheshwa. Anayeorodhesha mali ya marehemu haifanyi mali hiyo kuwa yake, wala hakuna anayedhani kwamba ng'ombe walizaliwa siku walipoandikwa kwenye daftari la mirathi.

Hata katika mazungumzo ya kila siku lugha yetu inalijua jambo hili. Mtu akitoka mahakamani akasema "nimepewa haki yangu", hana maana kwamba hakimu ameitoa mfukoni mwake. Ana maana kwamba kilichokuwa chake kimerudi mikononi mwake. Ile "yangu" ilikuwapo kabla ya "nimepewa".

Najua nitajibiwa kwamba haki isiyoandikwa haina meno. Jibu hilo lina ukweli, na historia yetu inauthibitisha kwa namna inayouma. Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961 bila orodha ya haki ndani ya Katiba yake. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 iliziweka haki katika utangulizi tu. Tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja nayo ilikataa kuziingiza haki hizo katika masharti ya Katiba, ikapendekeza badala yake chombo cha kupokea malalamiko, yaani Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ikafuata mkondo huo. Kwa hiyo tulikuwa taifa lililofundisha watoto wake, kwa imani ya TANU, kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu anastahili heshima, na Katiba ya TANU ikafanywa kuwa nyongeza ya Katiba ya nchi, huku mwananchi akikosa ibara hata moja ya haki ambayo angeweza kwenda nayo kwa jaji.

Mwaka 1973 shimo hilo lilionekana waziwazi. Mtumishi mmoja wa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki alikwenda Mahakama Kuu akidai kwamba amebaguliwa kazini, na akaegemea utangulizi wa Katiba uliozungumzia usawa. Mahakama ilisema kwamba utangulizi si sehemu ya Katiba kisheria, na kwa hiyo hauwezi kumsaidia. Simlaumu jaji, kwa kuwa alikuwa anasoma kilichokuwa mbele yake. Lakini mwaka huohuo, mwezi Aprili, Mahakama ya Juu ya India iliamua katika shauri la Kesavananda Bharati kwamba utangulizi ni sehemu ya Katiba ya India, na kwamba mamlaka ya Bunge ya kurekebisha Katiba hayafiki kiasi cha kuvunja mihimili yake. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 16 Julai 1971, Baraza la Katiba la Ufaransa lilikuwa limebatilisha masharti ya sheria iliyobana uhuru wa kuunda vyama kwa kutegemea utangulizi wa Katiba ya 1958, na kupitia utangulizi huo Tangazo la Haki za Binadamu na Raia la mwaka 1789 likapata nguvu mbele ya sheria za kawaida. Karatasi zilikuwa za aina moja, na maneno yalikaribiana sana. Tofauti ilitokana na swali ambalo kila mahakama ilijiuliza: je, maneno haya ni ahadi ya mtawala kwa watu wake, au ni masharti ambayo watu wamemwekea mtawala?

Orodha ya haki iliingia katika Katiba yetu ya 1977 kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1984, baada ya mjadala wa kitaifa ambao wananchi na wanasheria, Bara na Zanzibar, waliidai kwa nguvu. Hata hapo, sheria nyingine ya mwaka huohuo ilizuia haki hizo zisitumike kupinga sheria zilizokuwapo hadi Machi 1988, ili Serikali ipate muda wa kusafisha sheria zake. Nilikuwa darasani miaka hiyo. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama katika kipindi hicho cha kusubiri yeye ni huru au bado. Nilimjibu kwamba ni huru lakini mahakama bado haijafunguliwa mlango huo. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na hadi leo naona ndilo jibu sahihi: kilichoahirishwa kilikuwa nguvu ya hati, na uhuru wenyewe haukuahirishwa.

Mlango ulipofunguka, majaji wetu walionyesha kwamba wanaielewa tofauti hiyo. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipokea shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake na kuliuza, ilhali mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku ikimruhusu mwanamume. Jaji aliamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya ibara ya 13, na akarejea Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948 na mikataba ambayo nchi yetu imeridhia. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti lililomtaka mwananchi apate kwanza idhini ya Waziri kabla ya kuishtaki Serikali. Naomba mtafakari maana ya sharti lile. Mtu aliyeumizwa na Serikali alipaswa kuiomba Serikali ruhusa ya kwenda kuilalamikia, na hakuna kanuni inayofanana zaidi na mawazo ya afisa wetu wa kitabu cha Serikali.

Shauri ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, ni la ardhi. Baba na mwanawe wa mkoani Arusha walikuwa wameshinda kesi ya kurudishiwa ardhi yao ya kimila, kisha Bunge likatunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, ikaondoa fidia, na ikazuia mashauri ya aina hiyo yasisikilizwe mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 hata kama mwenye nayo hana hati ya Serikali mkononi, na ikabatilisha baadhi ya masharti ya sheria ile. Wakulima wetu hawakuhitaji kuelezwa mantiki hiyo. Familia iliyolima bonde kwa vizazi vitatu ina haki yake kabla ya mpimaji kufika, na hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa leo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inathibitisha haki hiyo na kuilinda isipokonywe kirahisi. Hakuna mzee wa kijiji anayemwambia mwenye shamba kwamba mpunga wake ulianza kuota siku alipopewa hati. Naomba Katiba nayo isomwe kama hati ya aina hiyo.

Waheshimiwa, mwaka huohuo wa 1994 ulituonyesha pia hali inavyokuwa tukiisoma kinyume. Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa amefungua shauri akitaka raia aruhusiwe kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama, na Mahakama Kuu ikakubaliana naye. Bunge likabadilisha ibara ya 21 ya Katiba, na haki ambayo jaji alikuwa ameiona ndani ya Katiba ikafungwa kwa maneno mapya. Shauri lilirudi tena mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba suala hilo ni la Bunge kuamua. Mwaka 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za raia wake katika jambo hilo. Kuhusu faida na hasara za mgombea binafsi watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana. Kinachonisumbua ni njia iliyotumika. Ikiwa haki ni ya raia kwa kuzaliwa kwake, basi theluthi mbili ya Wabunge wanaweza kuiwekea utaratibu, lakini hawawezi kuifanya ionekane haikuwahi kuwapo kwa sababu tu wao ndio wenye kalamu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimeona haja ya kuwaandikia kwa uwazi hivi. Ibara ya 8(1)(a) inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi kulingana na Katiba hii. Hiyo ndiyo sentensi inayojibu swali la afisa wetu. Inasema nani humpa nani. Lakini sentensi hiyo iko katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na kuhusu Sehemu hiyo ibara ya 7(2) inasema: "Masharti ya Sehemu hii ya Sura hii hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote." Katika sehemu hiyohiyo iliyofungwa imo ibara ya 9, inayotaka heshima ya binadamu ihifadhiwe kwa kufuata kanuni za Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu, na imo ibara ya 11 kuhusu kazi na elimu.

Naelewa sababu ya kufunga baadhi ya masharti hayo. Nchi yenye kipato kidogo haiwezi kushtakiwa kila mara mtu anapokosa ajira, na majaji hawapangi bajeti. Lakini sababu hiyo haigusi ibara ya 8 hata kidogo. Kutamka mahakamani kwamba mamlaka hutoka kwa wananchi hakuhitaji fedha, walimu wala dawa. Tamko hilo lilifungiwa pamoja na mambo ya gharama kwa sababu, nadhani, watunzi walilichukulia kuwa maneno mazuri ya kufungulia Katiba. Matokeo yake ni kwamba sentensi iliyo msingi wa nyingine zote ni mojawapo ya sentensi ambazo mwananchi hawezi kwenda nazo mahakamani. Nimewafundisha maelfu ya watoto ibara ya 8 kwa kuwataka waikariri, na sikumbuki kama niliwahi kuwaambia kwamba ibara moja nyuma yake imeinyang'anya nguvu. Hilo ni kosa langu, nami nalikiri hapa.

Wengine wamelisema jambo hili bila kulificha, na tunaweza kujifunza kwao bila kuwaiga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 19, inatamka kwamba haki na uhuru wa msingi ni za kila mtu na hazitolewi na Dola, na kwamba kutajwa kwa baadhi ya haki hakuondoi nyingine zisizotajwa. Marekani waliliona mapema tatizo la orodha: walipoongeza haki katika Katiba yao mwaka 1791, waliweka rekebisho la tisa linalokataza orodha hiyo kusomwa kana kwamba haki nyingine zilizobaki kwa watu hazipo. Sisi hatuna sharti la namna hiyo lenye nguvu ya kisheria, na ndiyo maana haki isiyotajwa kwa jina hupata shida kumpata wakili.

Tunalo, hata hivyo, jambo ambalo linanipa tumaini kubwa, nalo ni ibara ya 26(2), inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Haikusema "kila aliyeumizwa". Ilisema kila mtu. Ndiyo maana niliposoma kwamba marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi yalimtaka mlalamikaji aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi, nilisikitika kuliko nilivyotarajia. Mwenye shamba hangoji hadi moto ufike mlangoni kwake ndipo apige yowe kwa ajili ya jirani. Naomba masharti ya namna hiyo yasiwe na nafasi katika sheria zetu.

Mchakato wa Katiba mpya ulioanza chini ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ulifika hadi Bunge Maalumu kupitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 haikufanyika. Mchakato huo utakapoendelea, kwa sura yoyote mtakayoichagua, naomba mambo matatu yawe mezani tangu siku ya kwanza. Tamko kwamba mamlaka hutoka kwa wananchi liwe na nguvu ya kisheria mbele ya mahakama. Chanzo cha haki kitajwe kwa maneno ambayo mtu wa kawaida ataelewa akisomewa mara moja: kwamba ni zake kwa kuwa ni binadamu, na kwamba Katiba inazitambua na kuzilinda. Na masharti ya haki yasiweze kubadilishwa na Wabunge peke yao bila wananchi kuulizwa kwa kura.

Yapo pia yasiyohitaji kungoja Katiba mpya. Kila mtumishi wa umma anaapa au anasaini kitu anapoanza kazi, na mafunzo ya awali anapata. Katika mafunzo hayo iwekwe saa moja ya kusoma kwa sauti ibara ya 8 na ya 12 hadi ya 30, kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aulizwe: Katiba inasema nani humpa nani mamlaka? Na Katiba ichapishwe kwa wingi, kwa herufi kubwa za kutosha macho ya wazee, ipelekwe katika kila kijiji na kila mtaa, kwa sababu nakala ya jirani yangu, ile yenye jalada la gazeti, huazimwa na watu wengi kiasi kwamba kurasa za katikati zimeanza kuachana na uzi.

Yeye bado anaingojea ile taarifa ya mapato na matumizi. Ameniambia atarudi ofisini pale mwanzoni mwa mwezi ujao, na ameniomba nimsindikize tena.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa somo la Uraia